Kidonda Kisichoonekana ni Kidonda

Mzee amerudi nyumbani Isevya, hapa Tabora, baada ya upasuaji wa tezi dume kwa leza. Wageni wanaingia, "Mwangaluka, baba," kisha macho yanamshuka tumboni kutafuta bandeji. Haipo. Hukumu inatoka palepale: huyu hajapasuliwa, wamemchoma tu kwa mwanga, wiki ijayo yuko shambani. Imani hii ni ya uongo na inawaumiza wazee wetu.

Daktari hupitisha chombo chembamba kwenye njia ya mkojo, akaiondoa kwa leza nyama iliyokuwa ikiubana mkojo. Ngozi haiguswi, lakini ndani panabaki kidonda kibichi, na mkojo unapita juu yake usiku na mchana. Kupona huchukua wiki 4 hadi 6, kwa wengine zaidi. Katika siku hizo mkojo huunguza, humkimbiza mzee chooni, pengine humponyoka kabla hajafika. Haina maana kwamba upasuaji umeharibika. Kwa walio wengi hali hiyo huisha taratibu.

Wiki ya pili ndiyo ninayoiogopa. Mkojo umetakata, mzee anajiona mzima, anapanda baiskeli kwenda kutazama tumbaku yake au anainua dumu la maji la lita 20. Huko ndani magamba ya kidonda ndiyo kwanza yanabanduka. Damu inarudi, na ikiganda inaziba njia. Kibofu kinajaa, mkojo hautoki, na maumivu yake hayaelezeki. Hata kujikamua chooni kwa sababu ya choo kigumu kunatosha kuiamsha damu hiyo. Ndiyo maana maji ya kunywa, papai na maharage si ya kupuuzwa siku hizi.

Hapa Unyamwezini nitajibiwa kwamba sisi ni wajukuu wa wapagazi, watu waliotwika kilo 30 na zaidi kwenye njia ya Ujiji na Bagamoyo. Ni kweli, na fahari hiyo ni yetu. Lakini Tabora yenyewe ilikua kwa sababu misafara ilitua hapa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857, wapagazi wao walishusha mizigo wakaenda makwao, na safari ikasimama kwa wiki kadhaa. Kutua kulikuwa sehemu ya upagazi. Anayemtajia mgonjwa mababu ili ainuke haraka hawajui mababu hao.

Wanaume wengi pia hujilazimisha kazi ili kuthibitisha kwamba uanaume haujaondoka. Mgonjwa aelezwe waziwazi, na mkewe akiwepo: kwa kawaida nguvu za kiume hubaki kama zilivyokuwa. Kinachobadilika mara nyingi ni manii kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Hayana madhara, ingawa uwezo wa kuzaa hupungua. Tendo la ndoa lenyewe lisubiri wiki kadhaa, kama daktari atakavyoelekeza.

Vijana wa nyumba ya mgonjwa wasingoje kuombwa. Dumu walibebe wao, robota la tumbaku walifunge wao, na mgeni anayemcheka baba yao kwa kulala mchana wamjibu. Mkojo ukitoa mabonge ya damu, ukikataa kutoka, au homa ikimpanda kwa kutetemeka, wasikae kuchemsha mizizi wakisubiri kukuche. Wampeleke hospitali ya Kitete usiku huohuo, kwa gari, si kwa bodaboda.