Tiketi ya Konsati Inunuliwe Kama Nyanya za Gakoromone

Ukilipia nyanya kwa simu pale Gakoromone, mama anayekuuzia hataangalia simu yako. Mwonyeshe ujumbe, mwambie "Mama, nishatuma," naye ataendelea kupanga mafungu yake mpaka simu yake mwenyewe ilie. Asome jina, asome kiasi, ndipo akufungie mzigo. Hana haraka na haoni haya. Hakuna semina iliyomfundisha hayo. Ameona wenzake wakionyeshwa ujumbe wa kughushi, akajifunza.

Maoni yangu ni kwamba tunaiacha tabia hiyo sokoni tukienda kujivinjari. Mtu yuleyule anayebishana juu ya kumi bob ya sukuma wiki anatuma 2,000 kwa namba asiyoijua, kisa ameona posta nzuri Instagram na maneno "zimebaki chache."

Mimi ni mpenzi wa roki. Ndiyo, natoka Meru, na ndiyo, nimeulizwa mara nyingi kama hayo si mambo ya shetani. Huku kwetu wikendi ni ya mugithi, na mugithi ni tamu, sina ubishi. Lakini bendi za roki za Kenya, kina Murfy's fLaw, Parking Lot Grass na Crystal Axis, ni za Nairobi. Kuna hata Duma, ambao kelele yao ilitolewa kwenye albamu mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwa hivyo mtu wa Meru akitaka roki ya moja kwa moja anapanga safari ya zaidi ya kilomita 200: matatu asubuhi, kushuka Tea Room, kutafuta kwa kulala. Tiketi ikiwa feki, hajapoteza tiketi pekee. Nauli imeenda, chakula kimeenda, na usiku umemkuta mjini.

Safari yetu ya mwisho tulikuwa watano. Mmoja wetu alikuwa ameuziwa tiketi kwa bei ya chini na mtu aliyedai amepata dharura hawezi kuja. Langoni mkaguzi akapitisha mashine mara mbili, akatikisa kichwa. Ule msimbo ulikuwa umeshaingiza mtu saa moja kabla. Pembeni kulikuwa na wasichana wawili na picha ileile kwenye simu zao.

Wengi hawajui hii kitu inavyofanya kazi. Msimbo wa QR kwenye tiketi unafungua lango mara moja tu, lakini picha yake inaweza kutumwa kwa watu mia. Anayefika kwanza ndiye anayeingia, na waliobaki wanabishana na mlinzi ambaye kwa kweli hana kosa. Rafiki yetu alituma ule ujumbe wa malipo kwa 456 akiomba pesa irudishwe, lakini ilikuwa imeshatolewa. Huduma ile iliwekwa kwa mtu aliyekosea namba. Aliyemlipa tapeli kwa hiari yake, na tapeli akatoa pesa siku hiyohiyo, asiitegemee sana. Alinunua tiketi nyingine palepale, kwa bei ya langoni, kwa Fuliza.

Sasa, ushauri ambao utausikia kila mahali ni "usilipie tiketi kwa namba ya mtu binafsi." Nakubaliana nao, na nauona mgumu pia, kwa sababu bendi ndogo za kweli huuza hivyohivyo. Vijana wanne wenye gitaa mbili za kuazima hawana kampuni. Wanaandika namba ya mpiga besi kwenye posta, wewe unaona jina la mtu usiyemjua linatokea kabla ya kuthibitisha, unaacha. Umefanya vizuri kuacha. Lakini wao wamekosa mteja, na tapeli bado yuko kwa posta nyingine. Ndiyo maana naona jukumu la kwanza ni la bendi na waandaaji. Kuwa na till si mambo ya kampuni kubwa siku hizi, na hata Pochi la Biashara inakuwezesha kupokea malipo kwa laini uliyo nayo bila kuchanganya na pesa zako za nyumbani. Ukilipa kwa till ya kununua bidhaa, wewe mteja hukatwi ada. Hebu niambie kwa nini muuza njugu wa stendi anayo na mtu anayejaza ukumbi hana.

Na kuna hawa wa kufungulia, bendi zinazocheza kabla ya ile iliyo na jina kubwa kwenye posta. Wakenya tuna mchezo mbaya: konsati ya saa kumi na mbili tunafika saa tatu. Bendi ya kwanza inapigia viti na mafundi wa sauti. Mwaka 1967 Jimi Hendrix mwenyewe alikuwa wa kufungulia The Monkees huko Marekani, na mashabiki wakampigia kelele wakimtaka mwimbaji wao. Alijiondoa baada ya maonyesho machache. Aliyekuja kwa ajili ya Monkees pekee alimwona Hendrix na hakujua ameona nini.

Pwani wana jambo ambalo roki haina. Kwenye taarab, wimbo ukimgusa mtu anainuka, anacheza mpaka mbele, anamtuza mwimbaji noti mkononi, wimbo ukiendelea. Hata mugithi watu hutoa. Roki tunapiga makofi, tunapiga video, tunaenda zetu. Bendi ya kufungulia mara nyingi hulipwa kidogo sana, na wakati mwingine huahidiwa "kujulikana," ambako hakununui hata nyuzi za gitaa.

Usiku ule bendi ya kwanza, vijana ambao sikuwahi kuwasikia, walikuwa wameandika namba ya till kwa kalamu nene kwenye kadibodi, wakaiegemeza kwa ngoma kubwa. Tulikuwa kama watu thelathini ukumbini. Sidhani waliona aibu, na hawakupaswa. Wimbo wao wa tatu uliponishika niliingiza namba, nikaangalia jina lililotokea kama ni la bendi, nikatuma 200.

Neno moja kwa waandaaji kuhusu zile bangili za kujazia pesa: salio likibaki, mnalirudisha lini na kwa njia gani? Kama jibu halipo kwenye posta, mimi nitalipa kwa simu moja kwa moja. Na wewe mnunuzi, lipia na upakue tiketi kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu maelfu ya simu zikikusanyika mahali pamoja mtandao unalemewa, na langoni si mahali pa kusubiri ujumbe huku PIN yako ikichunguliwa na foleni nzima.

Wale vijana walimaliza saa moja kasoro. Watu waliojaza ukumbi baadaye waliikuta ile kadibodi ikiwa imeanguka kifudifudi jukwaani, na fundi mmoja ameiwekea chupa yake ya maji.