Sanaa si Jaa la Walioshindwa

Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa Mtaala wa Umilisi liliingia Gredi ya 10, na pamoja nalo mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ukafunguliwa rasmi katika sekondari pevu za umma nchini Kenya. Kwa maneno mengine, serikali imekubali kwamba muziki, uigizaji, uchoraji na riadha vinaweza kuwa masomo makuu ya mtoto, wala si burudani ya alasiri baada ya masomo "ya kweli". Huo ni uamuzi mwema. Swali langu ni kama tunaamini tulichoandika.

Tangu wanafunzi walipoanza kuchagua mikondo, nimewasikiliza wazazi wengi, majirani na wafanyakazi wenzangu. Karibu wote huuliza swali moja: "Atakula nini?" Wanafunzi nao husema lugha nyingine. Wako wanaoutaka mkondo huu kwa moyo wao wote, ila wanaona haya kuutaja mbele ya jamaa. Wako pia walioelekezwa huko kwa sababu hisabati iliwashinda, wakaambiwa kwa upole kwamba "wewe jaribu sanaa". Mwalimu anayetamka hivyo amewatusi watu wawili kwa mpigo: mtoto aliye mbele yake, na msanii aliyetumia miaka kumi kujifunza kazi yake.

Hata hivyo, tusiwacheke wazazi. Hofu yao ilifundishwa na dola. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki na sanaa vilikuwa na nafasi katika mtihani wa shule ya msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa katika mtihani huo ili kupunguza mzigo, na shule nyingi zikayaacha yafe taratibu, kwa kuwa kisichotahiniwa hakifundishwi. Kizazi kilichokulia katika desturi hiyo ndicho leo chenye watoto wa Gredi ya 10. Isitoshe, mzazi huyo amewasikia wanamuziki maarufu wakilalamikia mirabaha duni mwaka baada ya mwaka. Akiuliza mwanawe atakula nini, anauliza swali la sera. Anastahili jibu la sera, si mahubiri kuhusu vipaji.

Malalamiko ya wanafunzi yana uzito wa namna yake. Mpango wa serikali ulikadiria kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wangefuata sayansi na teknolojia, asilimia 25 sayansi za jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo. Lakini mkondo huu wa tatu umewekwa katika shule zenye mikondo yote mitatu, ilhali shule nyingine zina miwili tu. Mtoto wa shule ya kutwa ya kijijini, ambaye wazazi wake hawawezi kulipa karo ya bweni, anaambiwa achague kwa uhuru kitu ambacho hakipo katika shule anayoweza kuifikia. Huo si uhuru wa kuchagua.

Tazama pia jinsi wanafunzi wanavyopangiwa shule. Mtihani wa Gredi ya 9 hubeba asilimia 60, wa Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni asilimia 20. Japo tathmini hizo hugusa kazi za vitendo, hesabu kwa jumla haimpi nafasi ya kutosha binti anayeimba vizuri lakini alama zake za sayansi ni za wastani.

Yafaa tujifunze kwa waliotutangulia. Mjini New York iko shule ya umma ya sanaa iitwayo LaGuardia, ambayo mizizi yake ni shule ya muziki na sanaa iliyoanzishwa mwaka 1936. Wanaotaka kujiunga nayo hufanyiwa usaili wa kipaji: huimba, hucheza dansi, huigiza au huonyesha michoro yao. Hata huko, mwaka 2019 wanafunzi waliketi chini katika korido na kugoma, wakidai kwamba uongozi wa wakati huo ulithamini alama za darasani kuliko sanaa iliyowaleta shuleni. Shule hiyo imelaumiwa pia kwa kutoakisi sura ya jiji, kwani mtoto aliyelipiwa mwalimu wa piano tangu utotoni huingia katika usaili akiwa ametangulia. Kwa hiyo usaili peke yake hautoshi. Unahitaji kutanguliwa na walimu na ala za muziki katika shule za msingi za watu wa kawaida. La sivyo tutajenga shule za sanaa za watoto wa wenye nacho, tena kwa kodi ya wote.

Lipo jambo la mwisho ambalo watumishi wa umma hawapendi kulizungumza. Aprili 2025 wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walifika Nakuru katika tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wao *Echoes of War*. Mchezo huo ulikuwa umezuiwa, hata mahakama ikalazimika kuagiza uruhusiwe. Mwandishi wake, Cleophas Malala, akakamatwa. Wasichana hao waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani bila kuigiza, na polisi wakafyatua vitoza machozi. Wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini baada ya mchezo wa Kamĩrĩĩthũ kupigwa marufuku. Miaka karibu hamsini imepita, na bado dola inatetemeka mbele ya jukwaa. Tutamwambiaje mzazi kwamba sanaa ni taaluma yenye heshima, ikiwa mwanafunzi anayeifanya kwa dhati anakutana na moshi?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kutunzwa huko kuna gharama na masharti yanayojulikana. Kila kaunti ndogo iwe na angalau shule moja ya kutwa yenye mkondo wa sanaa na michezo. Tume ya Kuajiri Walimu iajiri walimu waliosomea sanaa, badala ya kumpa somo hilo yeyote mwenye vipindi vichache. Kipaji kipewe uzito unaoonekana katika kuwapangia wanafunzi shule. Vyuo vikuu, changu kikiwemo, vitangaze mapema masharti ya kujiunga na shahada za sanaa, ili mtoto wa Gredi ya 10 ajue njia yake inafika wapi. Mirabaha ya wasanii ilipwe kwa hesabu iliyo wazi. Na mchezo wa wanafunzi uhukumiwe na majaji wa tamasha, si na maafisa wa usalama.

Wanafunzi wa kundi hili watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Huo ndio muda tulio nao, na tayari unakimbia.