Mitungi ya Wazamiaji Isichaguliwe kwa Bei Peke Yake

Wananchi wa visiwa vya Ziwa Victoria hawajasahau Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Wala hawajasahau kwamba siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa mtu mmoja akiwa hai ndani ya kivuko hicho.

Mzamiaji aliyeingia ndani ya chombo kilichopinduka hawezi kupanda moja kwa moja juu apatapo shida. Uhai wake umo katika mtungi wa hewa. Kwa hiyo kuchagua mtungi wa chuma au wa alumini si kazi ya kuachiwa karani wa manunuzi.

Alumini haili kutu kama chuma, na hiyo ni sifa kubwa katika maji ya chumvi. Lakini mtungi wa alumini wa lita 11, hewa inapokwisha, hutaka kuelea kwa nguvu ya karibu kilo 2, na mzamiaji hulazimika kujifunga risasi zaidi. Chuma hakina tabia hiyo. Tena, ziwani kutu ya nje si tishio kubwa kama baharini. Adui ni unyevu unaoingia ndani kutoka kwenye pampu isiyotunzwa.

Hata hivyo, chuma nacho kina mpaka wake. Mitungi miwili mizito mgongoni mwa mtu aliyevaa vazi jepesi huweza kumwangamiza: mfuko wake wa kuelea ukipasuka, hana risasi ya kutupa.

Rai yetu ni hii: mtungi mmoja wa chuma uwe mgongoni, na wa alumini uwe ubavuni kwa akiba. Uzito nao upimwe ziwani, kwani maji yasiyo na chumvi humwinua mtu kidogo kuliko bahari.

Lakini mtungi wowote usiokaguliwa ni hatari. Yapasa upimwe kwa shinikizo la maji kila miaka 5. Buzwagi, ambako uchimbaji wa dhahabu ulikoma mwaka 2021 na eneo likatengwa kwa viwanda, panafaa kufikiriwa kwa kituo cha kazi hiyo. Ukanda wa migodi una mafundi waliozoea mitungi ya kulehemu.

Wahusika wasingoje kivuko kingine kipinduke. Rahisi ni ghali, na ghali hiyo hulipwa kwa roho za watu.