Kukopa si dhambi, tuangalie tunakopa kwa nani
Mwandishi wa makala hii, hapo uliposema Mkristo asikope kabisa, nakuomba ulitazame upya jambo hilo. Mithali 22:7 inaonya kweli kwamba mkopaji huwa mtumwa wa mkopeshaji, lakini Kumbukumbu la Torati 15 inaagiza mwenye nacho amkopeshe ndugu yake mhitaji. Ndivyo tunavyokopeshana katika kikoba chetu, kikundi cha akiba na mikopo cha akina mama kanisani: kina sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Mkopo wangu wa kwanza nilinunulia cherehani, nikaurejesha kwa kushona sare za shule. Nanyi ndugu mnaosema katika maoni ya makala hii kwamba ukitoa sadaka tu utajiri utakuja wenyewe, someni Luka 14:28: Yesu mwenyewe anatutaka tuhesabu gharama kabla ya kujenga. Tuombe, tutoe, na daftari la mahesabu tuliandike kila siku.