Kabla Shimo Halijafika, Tuhesabu Miembe

Toleo hili linafunguliwa kwa dai moja: kila mti wa matunda ulioko Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga nchini Kongo, na vijiji vyake uingie kwenye ramani kabla mgodi haujaufikia.

Ramani za Katanga zimechorwa kwa macho ya mwenye madini tangu kamati ya kikoloni, Comité Spécial du Katanga, ilipoundwa mwaka 1900. Kampuni ya madini ya Union Minière ilianzisha Kolwezi mwaka 1937 na kupanga kambi za wafanyakazi kwa mistari. Kwenye viwanja vya kambi hizo familia zikapanda miembe, mipera, miparachichi. Nje ya mji watu waliendelea kuokota matunda ya mwitu, masuku na mapundu, kwenye miti isiyopandwa na mtu, ila wenyeji wanaijua mmoja mmoja. Kwangu hiyo nayo ni bustani, na ramani inayoiita pori imekosea.

Kazi yenyewe inawezekana. Chukua picha ya setilaiti ya Agosti, kiangazi kimekolea. Miti mingi ya miombo imepukutisha majani, ardhi imekuwa kahawia. Mwembe haupukutishi: utauona kama duara la kijani kizito, kivuli kimelala ubavuni. Ukikuta miembe kadhaa imejipanga sawasawa mahali pasipo na nyumba, ujue watu walikaa hapo. Picha za Landsat zipo tangu 1972, ila hazionyeshi mti mmoja mmoja. Hapo tunahitaji picha za zamani zilizopigwa kwa ndege, na zaidi ya hizo, akina mama waliomwagilia miche hiyo.

Haraka inatoka wapi? Katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba mwaka 2014, viwanja vya watu vilichimbwa. Mwaka 2023 mashirika ya Amnesty International na Afrewatch yalieleza jinsi migodi inavyopanuka na kuwahamisha watu ndani ya Kolwezi kwenyewe. Sheria ya Madini ya Kongo ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inadai fidia. Lakini ukuta uliobomolewa unajengwa upya kwa miezi michache, ilhali mwembe uliooteshwa kwa kokwa huchukua miaka 5 au zaidi kuzaa. Miaka hiyo yote mama anayeuza maembe sokoni atauza nini? Fidia ipimwe kwa muda huo.

Tuanze na komuni za Kolwezi, Manika na Dilala. Nakala moja ya ramani ikae ofisi ya komuni, nyingine kwa wakaaji wa mtaa, ili wapimaji wa kampuni wakifika waikute mezani.