Mdosi, ajali unayoificha ndiyo itakayokugharimu

Hadithi hii unaijua, hata kama haijakupata. Kijana yuko kiwandani Athi River au kwenye mjengo Ruaka. Mashine inamkata kidole. Msimamizi anamkimbiza kliniki ya karibu, analipa bili, kisha anamwekea elfu mbili mkononi: "Wacha haya yaishie hapa, tusiharibiane kazi."

Mdosi anadhani ameokoa pesa. Ukweli ni kwamba amejichimbia shimo, na wewe ukaingia naye.

Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ile tunayoiita WIBA, ni ya 2007. Inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Haijali kama wewe ni fundi mkuu au mwanagenzi ambaye bado unajifunza kazi. Ukiumia, mwajiri ana siku 7 tangu apate habari kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mtu akifa, ni saa 24. Wewe nawe una miezi 12 kuwasilisha dai. Mkurugenzi akilifikisha kwa mwajiri au kampuni ya bima, linafaa kulipwa ndani ya siku 90.

Sasa piga hesabu. Anayelemaa kabisa hulipwa mapato ya miezi 96. Kama mshahara wako ni Sh20,000, hiyo ni Sh1,920,000. Ulemavu wa kudumu ukipimwa kuwa asilimia 10, ni Sh192,000. Weka hiyo kando ya elfu mbili za msimamizi.

Mdosi naye atauliza, "Nitatoa wapi pesa hizo?" Ndiyo maana ya bima. Lakini bima inataka kuarifiwa mapema. Ukinyamaza miezi mitano ndipo upige simu, kampuni inaweza kukataa, na mzigo wote ukakurudia. Hapo ndipo biashara ndogo hufungwa.

Kuna njia halali za kupunguza gharama, na si siri. Weka kinga kwenye mashine. Nunua helmeti na glavu, na uhakikishe zinavaliwa. Ajali ikitokea, andika siku hiyo hiyo: saa ngapi, wapi, nani aliona. Mpeleke mtu kwa daktari wa maana, kwa sababu kidonda kilichofungwa ovyo leo ni miezi ya kukaa nyumbani kesho. Akipata nafuu na daktari akikubali, mpe kazi nyepesi, kama kuhesabu mali ya stoo, badala ya kumsahau. Mfanyakazi anayepigiwa simu kujuliwa hali hana haraka ya kutafuta wakili.

Na sisi vijana tusijifanye malaika. Mgongo ulioumia kwa mpira wa Jumapili si jeraha la kazini. Dai la uongo linapandisha bei ya bima, na anayeumia kweli ndiye anayetiliwa shaka. Ukijiumiza kwa kukaidi sheria za usalama makusudi, unaweza kukosa fidia pia.

Kesi kuhusu sheria hii ilivutwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipoamua, Desemba 2019, kwamba ni halali. Maana yake kwako ni hii: dai linaanzia kwa Mkurugenzi, si kortini. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 60 kuupinga.

Kwa hivyo, siku ya kwanza kazini, uliza kwa heshima: "Bosi, tuko na bima ya WIBA?" Si swali la kiburi. Ukiumia, toa taarifa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Piga picha ya mahali, tunza karatasi za hospitali, na umjue aliyeona. Ukikuta mdosi amekaa kimya, nenda mwenyewe katika ofisi ya usalama na afya kazini kabla miezi 12 haijaisha.

Nawe uliyeajiri watu wawili tu kwenye karakana ya kuchomelea vyuma, haya yanakuhusu vilevile. Ada ya bima italipwa polepole. Kidole cha mtu hakina mkopo wala kuponi ya kukirudisha.