Hamu ya burudani ya kale isifunike dhihaka ya masizi

WAPO Waingereza wa umri mkubwa ambao hadi leo hukitamani kipindi cha runinga cha The Black and White Minstrel Show. Hukisifu kwa nyimbo tamu na densi za madaha, na kushikilia kwamba enzi hizo hakuna aliyeudhika.

Historia inawasuta.

Kipindi hicho kilipeperushwa na BBC kuanzia 1958 hadi 1978. Wanaume weupe walijipaka rangi nyeusi usoni, wakaizungushia midomo yao nyeupe, kisha wakaimba. Mtindo huo ulishamiri katika majukwaa ya Marekani katika karne ya 19, enzi za utumwa, na shabaha ya kejeli yake ilikuwa mtu Mweusi. Hata hivyo, mwaka wa 1961 kipindi kilituzwa Waridi la Dhahabu mjini Montreux, Uswisi.

Malalamiko yalikuwepo. Ndani ya BBC yenyewe, mhasibu mkuu Barrie Thorne aliwaonya wakubwa wake katika miaka ya 1960. Mnamo 1967, watetezi wa usawa waliwasilisha ombi kitondolewe. Kiliendelea kwa miaka 11 zaidi. Katika kipindi hicho hicho, mwaka wa 1968, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa pupa sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza. Dhihaka ya runingani haikuelea hewani. Ilikuwa na mazingira yake.

Wanaodai kilichopendwa ni nyimbo tu wana swali la kujibu. Mwaka wa 1969 BBC iliwaleta waimbaji hao bila masizi katika kipindi cha Music Music Music. Hakikufua dafu, na masizi yakarejea. Hilo halimfanyi kila mtazamaji kuwa mbaguzi, lakini linaonyesha kwamba rangi ile haikuwa pambo la pembeni.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mchekeshaji Mweusi Lenny Henry, aliyejiunga na maonyesho ya jukwaani ya kundi hilo katika miaka ya 1970 akiwa kijana, baadaye alieleza majuto yake.

Je, kanda hizo zichomwe? La. Kuziteketeza ni kuharibu ushahidi. Zihifadhiwe, na anayezionyesha aeleze zilimkejeli nani, na ni akina nani waliolalamika wakapuuzwa.